Siri ya Wawili, Mdomo wa Mmoja

Ukiona mwanamume mzima amesimama mlangoni kwa mama mkwe wake, jua limemkaa utosini, viatu kavipiga rangi mpaka vinang'aa, na hagongi, basi elewa huyo ameharibu. Mwenye haki hugonga. Aliyeharibu husikiliza kwanza.

Na huyu wetu alikuwa anasikiliza cherehani. Ilikuwa inakwenda huko ndani, trrr, inanyamaza, trrr, inanyamaza, na kila ikinyamaza moyo wake nao unataka kunyamaza. Alimjua mkewe kwa mguu ule. Akiwa na furaha hukanyaga mfululizo mpaka uzi unamwishia. Akiwa na kinyongo hukanyaga kidogo akaacha, kama mtu anayetaka kusema jambo halafu analimeza.

Watu wote walimwita Cheche, kwa kazi yake ya kuchomelea mageti na madirisha ya chuma. Mkewe peke yake hakumwita hivyo. Mkewe alimwita Fundi. Na yeye akamwita mkewe Fundi, maana naye ni fundi, wa nguo. Basi nyumbani kwao ikawa Fundi njoo ule, Fundi umeona kile kijiko, mpaka majirani wakawa wanacheka kwamba nyumba ile ina mafundi wawili na mlango wa bafu haufungi tangu waoane.

Walijuana kwa sababu ya kanyagio. Kanyagio la cherehani ya yule binti lilivunjika, akalibeba mkononi hadi karakana. Cheche akalichomelea. Kesho yake likaachia. Akalichomelea tena, likaachia tena. Aliporudi tena, binti akasimama mbele yake mkono kiunoni, akamwambia, "Kaka, hata mageti yako yanaanguka hivihivi, au ni mimi tu niliyeandikiwa?"

Cheche akavua miwani yake ya giza, akamtazama vizuri, akasema, "Dada yangu, nikilichomelea sawasawa, wewe utarudi lini?"

Binti akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Ndoa ile ilianzia pale, kwenye ndoo. Mapenzi bwana, hayachagui kiti.

Haya, turudi mlangoni. Mlango ukafunguka, mama mkwe akatoka na beseni lake kumwaga maji. Wakatazamana.

"Shikamoo, mama."

Yule mama alikaa na ile shikamoo muda, kama mtu aliyepewa mzigo na hajui auweke wapi. "Marahaba," akasema mwisho. "Umesimama hapo tangu lini?"

"Sasa hivi tu, mama."

"Sasa hivi, na shati limelowa hivyo? Ingia. Majirani wameshashiba habari zetu, usiwaongeze."

Ndani alikuwako mjomba, kaka yake mama mkwe, dereva wa lori aliyestaafu. Miaka yote alishindana na kelele za injini, na sasa injini haipo lakini sauti amebaki nayo. Alipomwona Cheche akaupiga mkono wa kochi.

"Ahaa! Mwalimu wa wanaume! Au tukuite nesi? Karibu, nesi. Leo umekuja kutufundisha nini? Kuosha vyombo?"

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, lakini usinizuge. Kaa hapo."

Cheche akakaa kwenye ukingo wa kiti. Cherehani chumba cha pili ikanyamaza kabisa.

Sasa nikwambie aliharibu nini, maana ukimwona alivyokaa pale utadhani aliiba, au alipiga mtu. Huyu mtu hajawahi kumwinulia mkewe hata sauti.

Walioana, wakakaa, mtoto haji. Unajua watu. Shangazi zake Cheche wakaanza maneno: tumbo la yule ni jiwe, mwanetu kaoa mti mkavu. Yule binti akanyamaza, akaenda zahanati peke yake, akaambiwa na muuguzi, "Mlete na mumeo." Mumewe akapandisha mabega. Yeye apimwe nini, yeye anayenyanyua geti la chuma bila msaidizi? Mke akabembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Mwisho jamaa akaenda.

Na ndipo mambo yalipogeuka. Zamani, enzi za ujana, Cheche aliwahi kupata kisonono. Akaona aibu kwenda kutibiwa, akameza vidonge alivyobakiza rafiki yake, maumivu yakaisha, akasema nimepona. Hakupona. Ugonjwa ulijificha, akaingia nao kwenye ndoa bila kujua, ukampata mkewe kimyakimya, ukamuunguza mirija ya uzazi ikabaki makovu. Walitibiwa wote wawili, wakapona. Lakini kuhusu mtoto, daktari alitazama chini akasema, "Tusikate tamaa," na daktari akisema hivyo huku anatazama chini, wewe ushaelewa.

Cheche alilia kwenye korido ya zahanati, mbele ya wagonjwa, na mkewe ndiye aliyemshika kichwa. Aliyeumizwa ndiye aliyembembeleza aliyeumiza. Hawakuapishana kwamba hili litabaki letu. Mambo mengine hayaapiwi.

Muuguzi, mama mmoja mwenye sauti nzito ambaye wote humwita Sista, aliyaona yale machozi. Akamwita pembeni. "Wanaume hawaingii hapa," akamwambia. "Mabango nimebandika, hawasomi. Nimewafuata vijiweni, wananitania. Wewe karakana yako ina watu. Waite Jumamosi, zungumza nao. Mwanamume humsikia mwanamume mwenzake. Usiwahubirie, waambie ya kwako."

Cheche akaenda mafunzo ya zahanati, akarudi, akaanzisha vikao. Kila Jumamosi alasiri wanaume walikaa juu ya mageti ambayo hayajachukuliwa na wenyewe, wakazungumza. Hilo la kuzungumza ni kusema tu. Walikuwa wanacheka. Akisema mke aulizwe kabla ya jambo kuamuliwa, wanacheka. Akisema mwanamume naye aende kupimwa, wanacheka zaidi. Kinyozi wa jirani ndiye alikuwa kinara: "Cheche, leo somo gani? Kubeba mimba kwa zamu?"

Basi Jumamosi moja, kicheko kikiwa kimepamba moto, mmoja wao akadondosha neno. "Wewe unatufundisha uzazi, kwako kuna nini? Si umeoa jiwe?"

Cheche akaona giza. Na katika lile giza akakumbuka Sista, waambie ya kwako. Akawaambia. Yote. Kisonono, vidonge vya rafiki, korido, mirija, makovu. "Mke wangu si jiwe," akasema. "Mimi ndiye niliyemfunga. Kosa ni langu."

Kinyozi akatoa kijiti alichokuwa anatafuna mdomoni. Na wiki ile, wewe, wanaume wakaonekana zahanati! Wengine wamevaa kofia mpaka kwenye pua, lakini wamefika. Sista akampa Cheche fulana yenye maandishi mgongoni. Ile Jumamosi ya kusema yote alikuwa amerudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyetua gunia, akala, akalala fofofo. Lakini hakumwambia mkewe. Hakumficha, la. Alidhani tu kwamba jambo jema haliombewi ruhusa.

Lakini neno likipita midomo mingi hukonda. Lilipotoka karakana lilikuwa, "Cheche alimpa mkewe ugonjwa." Wanaume wakalipeleka kwa wake zao, wake wakalipeleka bombani, na lilipofika kwa msusi lilikuwa limebaki, "Mke wa Cheche ana ugonjwa." Cheche mwenyewe alishadondoka njiani. Yeye akaitwa jasiri. Mkewe akajiwa na shangazi wa bibi harusi mmoja, akataka arudishiwe kitambaa cha gauni, hakijakatwa bado, akasema wamebadili mawazo. Siku hiyohiyo mke akachukua cherehani yake, akarudi kwa mama yake.

"Mimi," mama mkwe akasema sasa, akikaa polepole, "habari za tumbo la mwanangu nimezipata kwa msusi. Kichwa kimesukwa upande mmoja. Nikanyanyuka nikatoka hivyohivyo, nusu kichwa, napita barabarani watu wananitazama. Mkwe wangu, wewe ulikuwa mtu mkimya. Ulipokuja kuposa tulidhani bubu. Nani alikufundisha kusema?"

Cheche akavitazama viatu vyake. Angesema Sista, angekuwa anamsingizia.

"Hapa hakuna kesi ndefu," mjomba akadakia. "Mimi nimeshaitafutia dawa. Wewe leo una kikao chako cha wanawake wenye ndevu, siyo?"

"Ndiyo, mjomba. Alasiri."

"Nenda kawaambie ulikuwa unatunga. Ulitaka wakusikilize, ukatunga. Hakuna ugonjwa, hakuna kovu, hakuna nini. Kisha rudi hapa, uchukue mkeo, uende naye. Watu watakuona mwongo. Lakini uongo wa mwanamume hauna harufu."

"Nitasema," Cheche akajibu, hata mjomba hajamaliza. "Leo hii hii nasema. Wallahi nasema."

"Umeona?" mjomba akamgeukia dada yake. "Mambo ya watu wazima haya, dakika mbili."

Pazia la chumba cha pili likasogea. "Fundi," sauti ikaita. "Njoo huku."

Mjomba akataka kunyanyuka naye. Mama mkwe akamvuta shati. "Wewe ulioa lini mle ndani? Kaa chini."

Chumba kilikuwa kidogo, cherehani chini ya dirisha, vipande vya kitambaa vimejaa sakafuni. Mkewe hakuwa anashona nguo ya mtu. Alikuwa anaunganisha vipande, chochote na chochote, mikono isikae bure. Alimtazama mumewe kuanzia viatu mpaka usoni, na macho yalipokutana wote wawili wakayashusha, kama siku ile ya ndoo.

"Umekonda, Fundi."

Angemtukana ingekuwa nafuu. "Chakula hakipiti," akasema.

"Kipitishe."

"Fundi mwenzangu, nilijisema mimi. Waulize wote. Nilisema kosa langu, niliyeleta ni mimi. Nilitaka waache kukuita..."

"Tasa. Malizia. Kwao ulimaliza."

"Nilikuwa nakutetea."

"Najua." Akavuta uzi, akaukata. "Hilo ndilo linanikosesha usingizi. Ungekuwa umenisengenya ningekuchukia, nikapumzika. Wewe ulijivua nguo mbele ya wale wanaume, sawa. Lakini aliyeonekana uchi ni mimi. Wewe walikupigia makofi. Yule shangazi wa bibi harusi unajua alifanya nini? Alikunja kitambaa chake, kisha akakikunjua tena akakikung'uta. Alikikung'uta, Fundi. Mbele yangu. Mikono hii ilikuwa imekipima tu."

Cheche akataka kuishika ile mikono. Mikono ikaondoka taratibu, bila hasira, ikaingia mapajani.

"Mjomba amesema..."

"Nimemsikia. Mjomba husikika mpaka mtaa wa pili."

"Basi nitasema nilidanganya. Sijali wakinicheka. Wanivalishe gauni wanitembeze, sijali. Wewe rudi."

"Na mke wa kinyozi?"

"Mke wa kinyozi kafanyaje?"

"Alikuja hapa. Mumewe alimpeleka zahanati baada ya maneno yako, wakatibiwa wote. Sasa ana mimba changa. Akanishika mikono, akalia, akaniambia, ahsante dada, bila nyinyi nisingepata. Nikamwambia hongera. Nikamsindikiza mpaka nje. Kisha nikaingia humu nikang'ata mto ili mama asisikie."

Huko sebuleni mjomba alikohoa kikohozi cha mtu anayetega sikio.

"Ukisema ulidanganya," mkewe akaendelea, "watasema na dawa ni uongo, na Sista mwongo. Kuna mtu mkewe yuko nyumbani anajishika tumbo, hataenda. Usiseme ulidanganya. Nitabaki vilevile mimi, na yule ataharibika bure."

"Sasa nifanye nini? Niambie. Nikate ulimi?"

"Hakuna la kufanya, Fundi. Ningejua lipo ningekutuma."

Cheche akakaa sakafuni, juu ya vile vipande. Mwanamume mwenye mikono ile, anayekunja nondo, akakaa kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. "Ningekuuliza," akasema, "ungekataa?"

Mkewe alifikiri. Alifikiri kweli, si kufikiri kwa kumuumiza.

"Sijui," akasema. "Pengine ningekataa. Pengine ningevaa nguo yangu nzuri nikaja nikasimama nawe pale kwenye mageti, tukasema wote wawili, na shangazi zako ningewataja mmoja mmoja. Hasira nilikuwa nayo ya kutosha. Lakini sijui, na sitajua tena. Swali lilipita mlangoni kwangu halikubisha hodi." Akajifuta jicho kwa kiganja, upesi. "Kila Jumamosi unawaambia, muulizeni mke, muulizeni mke. Nilikuwa nasikia watu wanasimulia, najivuna. Nilijivuna sana nawe, Fundi."

"Tuhame. Tuanze mahali hawatujui."

"Tukihama nitakuwa naangalia mdomo wako. Ukitoka kwenda kazini, nitawaza, leo anawaambia nini. Utakuwa unarudi na mapenzi yako yote, na mimi nakupekua. Nitakuwa mke gani huyo?"

"Basi hunipendi tena. Sema tu."

"Ningekuwa sikupendi ningerudi," akasema. "Ningevumilia, mbona wengi wanavumilia. Mtu usiyempenda hata akikutangaza sokoni hakuumizi hivi."

Cheche akanyanyuka. Mkewe akamwona kifungo cha shati, cha kifuani, kinaning'inia kwa uzi mmoja. Akachukua sindano, akamsogelea, akakishona pale pale kifuani. Walikuwa karibu kiasi kwamba Cheche alisikia pumzi yake shingoni, na kichwa cha mkewe kilinukia mafuta yaleyale ya siku zote. Hakuthubutu kupumua. Sindano ikaingia, ikatoka, ikaingia. Alimwomba Mungu kifungo kisikazike, iwe kama lile kanyagio. Lakini mkewe alikuwa fundi wa kweli. Alipomaliza akainama, akaukata uzi kwa meno, midomo ikagusa shati, ikakaa hapo kidogo kuliko kazi ilivyohitaji.

Kisha akarudi nyuma. "Nenda, Fundi. Wanaume wako wanakusubiri. Mimi usinisubiri. Mjomba atakuja kwa wazee wenu, wataongea."

"Nikisema nao, nisikutaje?"

"Leo ndiyo umeuliza," mkewe akasema, na akajaribu kutabasamu, na lile tabasamu likamshinda njiani. "Usinitaje."

Alipopita sebuleni mjomba alimuuliza, "Eeh, mmeelewana?" Mama mkwe ndiye aliyeuona uso wake. Akafungua mlango bila neno, na mkwe wake alipopita akamgusa bega, mara moja, kama anavyoguswa mfiwa.

Karakana ilikuwa imejaa. Wamekuja wengi kuliko siku zote, wengine wamesimama. Kinyozi alimpisha kwenye geti kubwa. "Mwalimu, tumekungoja mpaka utani umetuishia."

Mbele kabisa alikaa mgeni, muuza kuku, tenga lake katikati ya miguu. Aliinua mkono kama mwanafunzi. "Mimi nimetoka mbali kidogo," akasema. "Nimesikia kuna habari moja hapa, ya wewe na mkeo. Mke wangu mimi... basi tu. Nimekuja kuisikia."

Cheche akakaa kwenye geti. "Mimi nilikuwa na kisonono," akaanza. "Nikaona aibu, nikameza vidonge vya rafiki. Nikadhani nimepona, kumbe kimejificha. Nakwambia ndugu yangu, usifanye kama mimi. Nenda zahanati, na uende na mwenzako. Msisubiri."

"Hiyo yako nimeisikia njiani," muuza kuku akasema, kwa adabu. "Mwanamume hupona. Mimi nauliza ya mkeo. Yeye alianza kuumwa vipi? Tumbo? Mgongo? Mkeo ilikuwaje?"

Wanaume wakasogea mbele. Kinyozi peke yake alitazama chini. Cheche akafungua mdomo. Maneno aliyajua yote, yalikuwa pale pale ulimini, na aliona wazi kwamba yangemnyanyua yule mtu muda ule ule akimbilie kwa mkewe. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Nenda kamuulize Sista dalili," akasema. "Atakueleza."

"Nimwambie mwanamke mambo ya mke wangu? Hapana. Wewe ni mwanamume mwenzangu. Niambie ya mkeo."

"Mimi sina mke," Cheche akasema.

Wawili watatu wakacheka, wakidhani ni utani wa Jumamosi. Muuza kuku alingoja kidogo, akamtazama, akawatazama wenzake. Alipoona hakuna simulizi akanyanyua tenga lake, akalitua kichwani, akaondoka zake na kuku wake wanalia.